Jouli 7 za jasho langu

Gogo lenyewe halikuwa kubwa. Kipande cha mkaratusi, kimo cha goti, unene wa sinia la pilau ya watu watatu. Nilikuwa nimefika Lushoto usiku kwa likizo ya Desemba, na asubuhi bibi akataka kuni za kuchemshia makande. Nikamwambia, "Bibi, wewe kaa, mimi nipo." Akakaa kweli. Akavuta kigoda mlangoni pa jiko, akashika kikombe chake cha chai, akanitazama dakika 20 bila kusema neno. Bibi yangu kunyamaza dakika 20 ni jambo la kutia hofu.

Pigo la kwanza shoka lilinasa. Nikalinasua kwa kulitikisatikisa, nikapiga tena, likaponyoka pembeni na kuchimba udongo. La tatu likanasa tena. Kufika kama pigo la 30, viganja vimeota malengelenge, shati limegandana na mgongo, na gogo limechakaa kichwani kana kwamba limeguguniwa na panya, lakini zima.

"Mume wangu," bibi akasema mwishowe. (Kwetu bibi humwita hivyo mjukuu wa kiume, na utani huo hauna kustaafu.) "Hilo shoka unaligombeza. Liache liende."

Akaweka kikombe chini. Ana miaka 74, na sidhani kama uzito wake unafika kilo 50. Akaliangalia gogo langu, akalizungusha kwa mguu, akasema, "Hili limejisokota, achana nalo," akavuta jingine. Akalipiga mara mbili. Likaachana, kila pande likalala upande wake.

Mimi nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Fizikia nilifaulu vizuri tu. Tulikariri kwa Kiingereza, darasa zima kwa sauti moja, kwamba momenta ni zao la tungamo (kile kinachopimwa kwa kilo) na kasi, na kwenye mtihani nikakokotoa magari yanayogongana na risasi inayozama kwenye ubao. Haikunijia hata siku moja kwamba ile risasi na ule ubao ni shoka na gogo la nyuma ya jiko la bibi. Basi nikaona aibu hii isipotee bure. Nikamwomba bibi apasue vipande vingine huku namrekodi kwa simu, kwa ile video ya mwendo wa pole inayochukua picha 240 kwa sekunde. Halafu nikampa binamu yangu simu anirekodi na mimi. Shoka nikalipeleka dukani likapimwe kwenye mizani ya sukari: kilo 2 na nusu pamoja na mpini. Kichwa tukihesabu kilo 2.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unasimamisha video kwenye picha mbili za mwisho kabla shoka halijagusa kuni, unapima kichwa kimesogea kiasi gani. La bibi lilisogea sentimita 3.5. Langu 2.5. Zidisha kwa 240: bibi anafika kwenye kuni kwa kasi ya mita 8.4 kwa sekunde, mimi mita 6.

Ukitazama kasi peke yake huoni kwa nini nidhalilike. Ya bibi haifiki hata mara moja na nusu ya yangu. Lakini nishati mwendo, ile ya kitu kinachokwenda, ni nusu ya tungamo mara kasi kipeo cha pili (kasi mara kasi), na hicho kipeo cha pili ndicho kilichonimaliza. Kipimo cha nishati ni jouli, na shoka langu lilikuwa na jouli 36. La bibi lilikuwa na jouli 71 hivi. Karibu mara mbili.

Kisha nikafanya hesabu ambayo afadhali ningeiacha. Kutoka juu ya kichwa hadi kwenye uso wa gogo, shoka linashuka kama mita 1.5. Katika kushuka huko mvutano wa dunia peke yake unalipa shoka la kilo 2 jouli 29, ukipenda usipende. Yaani ningeliinua tu na kuliacha lidondoke, lingefika na jouli 29. Kuliinua nako ni kazi, sikatai, ila hapo mimi na bibi tunalipa sawa. Tofauti ni kinachoongezwa njiani wakati wa kushuka. Bibi aliongeza jouli 41 au 42. Mimi, mtu ninayelipia gym kila mwezi kule Dar, niliongeza 7.

Jasho langu lililobaki lilikwenda wapi? Video inaonyesha. Nimeshika mpini mikono yote miwili pamoja, vidole vimekaza mpaka vifundo vinang'aa, meno yameuma, viwiko vimenyooka kama nguzo za goli. Msuli unaokunja kiwiko na msuli unaokinyoosha vyote viwili vinavuta kwa wakati mmoja, na mvutano wao haufiki kwenye shoka. Ni watu wawili wanaovutana kamba ndani ya mkono wangu, na wote wawili ni mimi.

Bibi anaanza na mkono wa kulia juu, karibu na kichwa cha shoka. Hiyo inalifanya liwe jepesi kuinua. Wakati linashuka, mkono ule unateleza kwenye mpini mpaka ukutane na wa kushoto. Magoti yanakunjika kwanza, yanafuata mabega, yanafuata viwiko, na vifundo vya mikono ndivyo vinavyofunguka mwisho kabisa. Kila kiungo kinakabidhi mwendo wake kwa kiungo kilicho chepesi zaidi, kwa hiyo kasi inapanda kila inapokabidhiwa. Kuna na sababu nyingine ya kuanza mapema: msuli unaojikunja kwa haraka hutoa kani ndogo, yaani msukumo au mvuto mdogo. Mwingereza A. V. Hill, mtaalamu wa misuli, alilipatia jambo hilo mlinganyo wake mwaka 1938. Shoka likishakuwa kasi, mkono hauna tena la kuliongezea. Unapaswa kulisukuma wakati bado ni zito na polepole, pale juu, ambapo mimi nilikuwa bado najipanga kwa ajili ya ule mwisho.

Na hapo ndipo nilipokosea kimawazo, siyo kwa mikono tu. Nilidhani pigo liko pale shoka linapogusa kuni. Kwa hiyo nguvu zangu nilizihifadhi kwa ajili ya pale.

Tufuatilie jouli 71 za bibi. Zimekusanywa katika mita 1.5 za kushuka. Gawanya: wastani wa kani ni nyutoni 47 (nyutoni ndiyo kipimo cha kani). Kati ya hizo, kama nyutoni 20 ni uzito wa shoka lenyewe, na zilizobaki, 27 au 28, ndizo za mikono ya bibi. Hiyo ni kani ya kushikilia kitu kisichofika kilo 3. Mfuko wa sukari na wa unga mdogo. Sasa shoka likaingia kwenye kuni sentimita 5 na kusimama. Jouli zile zile 71, lakini safari hii zinatumika katika sentimita 5 badala ya mita 1.5. Wastani wa kani unakuwa nyutoni 1,400 na zaidi, sawa na uzito wa kilo 140. Halafu umbo la kabari la shoka linaigeuza kani hiyo kuwa ya kupanua pembeni, kubwa zaidi kuliko ile ya kuzama.

Kuhesabu kwa njia ya momenta kunafika mahali pale pale. Shoka lina momenta ya 16.8, yaani kilo 2 mara 8.4. Wakati linazama, kasi yake inashuka kutoka 8.4 hadi sifuri, wastani 4.2, na sentimita 5 kwa kasi hiyo ni kama sekunde 0.012. Momenta 16.8 ikiondolewa kwa muda huo inadai kani ya nyutoni 1,400. Newton mwenyewe, kwenye kitabu chake cha mwaka 1687, hakuandika kwamba kani ni tungamo mara mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde) kama tulivyokariri. Aliandika juu ya badiliko la mwendo, na kwa mwendo alimaanisha tungamo mara kasi. Kwa mpasua kuni lugha yake hiyo ya zamani ndiyo iliyo karibu zaidi na mambo.

Itazame ile sekunde 0.012. Taarifa kutoka kiganjani kwenda kwenye ubongo na jibu kurudi huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Pigo limeanza na kwisha kabla mtu hajajua kwamba limeanza. Hakuna kitu nilichoweza kuongeza pale. Kukaza vidole wakati wa kugusa hakulisaidii shoka, kunakaribisha tu mtikisiko upande kwenye mfupa, na malengelenge yangu yalikuwa ushahidi. Bibi vidole vyake pale mwisho vimelegea kiasi cha kuuongoza mpini tu. Kazi yake ameshaimaliza nusu mita huko juu.

Kiswahili chetu kina sehemu ya lawama, nadhani. Neno nguvu tunalibebesha kila kitu: nguvu za mkono, nguvu za umeme, nguvu za hoja, nguvu za kiume. Bibi anaposema "usitumie nguvu" na mwalimu anaposema "tumia nguvu" hawabishani, kila mmoja anasema juu ya kitu chake. Fizikia ya Kiswahili imeshatenga maneno: kani, nishati, momenta. Bibi hana haja nayo, lakini mimi yalinisaidia kuona kwamba mkono hutoa kani ndogo kwa safari ndefu, na chombo huirudisha kubwa kwa safari fupi. Kilichohifadhiwa katikati ni nishati. Mpini ni kama kibubu: unatia senti senti, unavunja mara moja.

Hata wakubwa walichanganyikiwa hapo. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes alipima mwendo kwa tungamo mara kasi. Mjerumani Leibniz mwaka 1686 akasema hapana, ni kasi kipeo cha pili. Leibniz na wafuasi wake walibishana na wafuasi wa Descartes miaka mingi. Mholanzi Willem 's Gravesande akadondosha mipira ya shaba kwenye udongo wa mfinyanzi, akaona kwamba mpira ukifika na kasi mara mbili, unachimba mara nne. Mfaransa Émilie du Châtelet akalichukua jambo hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1740 na kulifafanua vizuri. Leo tunajua vyote viwili vipo na kila kimoja kina kazi yake. Kina cha shimo huulizwa kwa nishati. Nani atasogea na nani atabaki huulizwa kwa momenta.

Hilo la pili nililipata siku ile ile, mchana. Nilirudi kwenye gogo langu lililojisokota, maana nilikuwa na ugomvi nalo. Nikaazima kabari ya chuma kwa jirani, kilo 2, na nyundo iliyokuwepo nyumbani ni ya misumari, nusu kilo. Nikagonga. Kelele nyingi, maendeleo hakuna. Vitu viwili vikigongana na kwenda pamoja, momenta haipotei, lakini nishati hugawanyika: sehemu inaendelea kuwa mwendo, sehemu inaishia kwenye kubonyea, kelele na joto. Sehemu inayobaki kuwa mwendo ni tungamo la kigongaji ukigawanya kwa tungamo la vyote viwili. Nusu kilo kwa kilo 2 na nusu ni asilimia 20. Katika kila jouli 100 nilizotia, 20 tu zilikwenda kuisukuma kabari. Themanini zilibaki kuiponda kichwa, na ndiyo sababu kabari za zamani zina vichwa vilivyochanua kama uyoga. Jirani alipoleta nyundo yake ya kupasulia mawe, kilo 4, ikawa 4 kwa 6, asilimia 67. Kabari ikaanza kusogea. (Gogo halikupasuka. Tutalirudia.)

Nyundo ile ya nusu kilo haina kosa. Kwenye msumari wa gramu 5 inapeleka asilimia 99 mbele. Na mhunzi anataka kinyume chake kabisa. Chuma chake chekundu kiko juu ya fuawe la kilo 100, nyundo ni ya kilo 1, na asilimia 1 tu ndiyo inayokwenda kulisogeza fuawe. Asilimia 99 zimenaswa katikati, kwenye chuma kinachofuliwa, na ndiko anakozitaka. Mhunzi mwenye fuawe jepesi anafua fuawe. Vivyo hivyo anayechanja kuni juu ya udongo laini au juu ya ubao unaonesa: anasukuma ardhi. Gogo la bibi la kuchanjia ni la mwembe, zito, limezama ardhini miaka kwa miaka, na watu wawili hawalihamishi.

Fyekeo nalo ni dunia nyingine. Nilipokwenda kidato cha kwanza, fomu ya kujiunga ilidai jembe, fyekeo na ndoo, na muhula wote wa kwanza nilifyeka vibaya. Nilikuwa nasukuma kwa nguvu na nyasi zinainama, zinapita chini ya bati, zinasimama tena nyuma yangu zikinicheka. Unyasi hauna kitu upande wa pili cha kuuzuia. Umeshikwa na mzizi wake tu na inesha yake mwenyewe, yaani ule ukaidi wa kila kitu kukataa kuanzishwa ghafla. Ukiupa muda, utainama. Usipoupa muda, utakatika ukiwa bado umesimama. Kwa hiyo fyekeo ni jepesi, bapa, na kazi yake yote ni kasi. Mtu akikupa fyekeo zito ili "ufyeke vizuri", anakuonea.

Lakini wanaojua kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wanaotwanga. Jioni shangazi na jirani yake walikuwa wanakoboa mahindi ya makande kwenye kinu kimoja, michi miwili, kwa zamu: tu, tu, tu. Mchi ukipanda, shangazi anauachia. Unaendelea kupanda wenyewe, hewani, haujashikwa na mtu, na yeye katikati ya hapo anapiga kofi, kisha anaudaka unapoanza kushuka. Nimeiona tangu utotoni nikadhani ni madoido. Madoido yapo, lakini mchi ulioachiwa una momenta ya kupanda aliyoutia chini, na kipande cha mwisho cha safari haumdai kitu. Vidole vinapumzika sehemu ya kila pigo, na mapigo ni mamia. Nilijaribu. Niliudaka mchi kwa kuchelewa ukanigonga kidole gumba, na jirani akauliza kama kule Dar tunakula nini.

Upande wa mpini kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha. La kwanza, mahali pa kupigia. Fimbo yenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho, ukiishika ncha moja na kuipiga kwenye jiwe, mkono utauma kila mahali isipokuwa ukigusa karibu na theluthi mbili ya urefu kutoka kiganjani. Hapo mpini hausukumi mkono mbele wala nyuma. Panga likiwa pana kuelekea ncha, mahali hapo husogea mbele kidogo. Anayefyeka shamba la mkonge au kukata matawi kutwa nzima hakufundishwa hesabu hiyo, lakini litazame panga lake lilipoliwa na tupa kwa kunolewa.

La pili ni kichwa kinacholegea. Shoka la kilo 2 likizunguka kwa mita 8.4 kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita moja linavutwa kutoka mkononi kwa nyutoni 140. Ni kama kuning'iniza ndoo ya lita 14 kwenye ncha ya mpini. Shoka la kienyeji limelijibu hilo zamani: ulimi wa chuma umechomekwa kwenye tundu la rungu la mpini, kila pigo linauzamisha zaidi. Sururu nayo mpini wake hupenyezwa kwa juu na kichwa chake kinene hubaki juu, kwa hiyo kadiri unavyopiga ndivyo inavyokaza. La dukani, lenye tundu na kabari ndogo, ndilo la kuangaliwa. Likilegea, bibi analining'iniza kichwa chini, haliegemei kitu, na anagonga kitako cha mpini kwa kipande cha ubao. Mtu usiyejua utadhani analifukuza kichwa litoke. Kumbe mpini ndio unaoruka kwenda chini, chuma kinabaki palepale kwa inesha yake, na mpini unazama ndani. Alinionyesha bila maelezo. Nilipoanza kumweleza mimi kuhusu inesha akanisikiliza kwa adabu, akaniambia maji yanachemka.

Kabla sijaondoka nilirekodi tena. Siku ya sita. Mita 7.4 kwa sekunde, jouli 55 hivi, ukitoa 29 za dunia nimechangia 26. Bibi akasema nimeanza kufanana na babu, kisha akasahihisha: babu naye alikuwa hajui.

Gogo la mkaratusi hatukulipasua. Nyuzi zake zimejisokota kuanzia chini hadi juu kama kamba ya katani, na ufa ukianza unazunguka badala ya kushuka, kwa hiyo unazikata nyuzi moja moja badala ya kuziachanisha. Liko nyuma ya jiko, kabari ya jirani ilitolewa kwa mtaimbo. Bibi ameligeuza upande usio na majeraha, ameweka kipande cha kanga juu, na sasa ndilo analokalia akinywa chai.